Ninaandika Watu

Nina meza moja Nyawera, chini ya bati la mtu mwingine,
kompyuta iliyong'oka kibonye cha B
(nabonyeza shimo lake kwa kidole cha kati)
na printa inayokohoa.
Ubaoni nimechora kwa rangi nyekundu:
BARUA ZA KAZI, SIVI, FOTOKOPI.
Ninaandika watu. Siwaandiki kazi, la.
Ninawaandika tu.

Shirika likibandika tangazo Jumatatu,
dereva mmoja, mkataba wa miezi mitatu,
foleni yangu inafika hadi kwa muuza sambaza.
Siku hiyo nakula nyama.
Unisamehe, Mungu wa wenye diploma,
shida yao ndiyo chumvi yangu.

Namjua Cirhuza, mhandisi wa mitambo,
tangu enzi za "kijana mwenye bidii".
Sasa ana thelathini na nane. Bidii tumeifuta,
tumeweka "mtulivu".
Wanataka uzoefu wa miaka mitano.
Tunautafuta pamoja, kama sindano gizani:
miezi miwili dukani kwa mjomba
inaamka asubuhi ikiitwa "msimamizi wa hesabu".
Umeme unakatika katikati ya neno.
Tunakaa. Hakuna anayeondoka,
kwa maana hakuna anakokwenda.

Alhamisi mvua ilikuwa imeipika barabara ikawa uji.
Akaja mama mmoja kutoka bandarini,
mugozi bado uko begani, unachuruzika,
na juu ya paji la uso mfereji
pale kamba ilipolala miaka kumi na minne.
Nabintu M'Cishugi.
Umri? Akakisia.
Diploma? "Nilipewa ya mgongo."
Uzoefu?
Kilo themanini, akasema, mara sita kwa siku,
makala, mihogo ya Idjwi, saruji ya watu wanaojenga,
kutoka ziwani kupanda hadi Kadutu,
siku zote isipokuwa ile aliyojifungua
na nyingine moja, ambayo hakuieleza.
Nikaandika: Usafirishaji.
"Soma."
Nikasoma.
"Futa. Andika kubeba."

Kumbe hakuja kuomba kazi.
Wako kumi na moja. Kila juma, tangu Pasaka ya mwaka jana,
kila mmoja ametia faranga elfu moja
ndani ya bidoni lililokatwa shingo.
Wamenunua mashini ya kusaga mihogo, kuukuu,
imelala kwa fundi huko Panzi, haina mkanda.
Alitaka karatasi yenye majina yote na mhuri wa komini,
ili mume wa mtu asije akaamka siku moja
akasema mashini ni yake.
"Na chini weka hivi:
tunatafuta mtu wa kushika daftari.
Uzoefu si lazima.
Asiibe, basi."

Mwaka wa tisa mezani hapa
na sijawahi kuchapa swali; nachapa majibu tu.
Kidole kikasita juu ya shimo.
Mtamlipa ngapi kwa mwezi?
Akataja. Ilikuwa ndogo.
Tukaitazama sote wawili
kama mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake:
inapumua.

Akalipa kwa noti zilizolowa, akanipa nakala moja niibandike.
Mlangoni akageuka.
"Na wewe unayeandika wote, nani amekuandika?"
Hakungoja. Mugozi ukapanda kichwani,
mama akashuka ziwani.

Ijumaa Cirhuza akaja kubadilisha "mtulivu".
Akasoma ile karatasi pale nguzoni,
mara ya kwanza kwa dharau,
mara ya pili kwa mdomo.
"Daftari? Mimi ni mhandisi."
Nikanyamaza, nikapanga makaratasi yaliyokwisha pangwa.
Mvua ikaanza tena kupiga bati la mtu mwingine.
Kisha, bila kunitazama, akauliza
mkanda wa mashini hiyo
una upana gani.